Koti Lenye Mkono Mfupi

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Nimelitoa kwenye rafu ya dukani. Muuza vitambaa alitupatia la bure tuandikie vipimo vya wateja, likakosa kazi. Naandika upande mmoja tu wa kila karatasi. Mkono wangu wa kushoto ni mzito, kalamu inabonyea mpaka karatasi ya chini yake inapata makovu. Kwa ajili ya mkono huo nyumbani mimi ni Shoto, na jina langu la cheti wanalijua watu wa ofisini tu.

Kwa atakayelisoma nikishakufa (na wewe unayelisoma nikiwa hai, ushindwe): sisi ni mafundi cherehani. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, katikati pana pazia. Baba anakata na kuunganisha. Mimi nashona pindo, vifungo na matundu yake, kazi zote za mkono, kwa sababu macho ya Baba yameanza kuchoka na hataki kuvaa miwani mbele ya wateja. Mama anapiga pasi na kupokea watu. Ulimi wake unaleta nusu ya wateja na kuwafukuza nusu nyingine.

Mafundi wengine wanalizunguka tundu la kifungo upande mmoja, mimi nalizunguka kinyume chao. Baba alijaribu kunirekebisha nikiwa na miaka tisa, akashindwa. Akasema basi, angalau siku mwizi akituibia nguo tutaijua ilipo.

Jumanne, 11 Machi

Paa linavuja juu ya meza ya kukatia. Tumeweka ndoo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tena. Sina la kuandika.

Alhamisi, 20 Machi

Matundu ya vifungo thelathini, kitambaa cha bluu iliyoiva, sare za bendi. Vidole vimekufa ganzi. Kesho sishoni hata kwa dawa.

Jumatano, 26 Machi

Mama ana jambo. Nimelijua tangu asubuhi, maana alikuwa anapiga pasi kama anayegombana na meza.

Kila Jumatano na kila Jumamosi Baba anavuka daraja kwenda shule ya bweni kuwapima wanafunzi sare. Ni mwaka wa pili sasa. Leo alipofunga mlango tu, Mama akaweka pasi chini.

"Hebu niambie wewe uliyesoma. Hao wanafunzi wanarefuka kila Jumatano na kila Jumamosi?"

"Shule ni kubwa, Mama."

"Kubwa! Angekuwa ameshawapima mpaka wapishi. Mwanaume akianza kujifuta jasho kabla hujamuuliza swali, ujue kuna mtu. Mimi si mtoto, Shoto."

Aliporudi jioni Mama alipokea shati lake akalinusa kwenye kola, hivi hivi, mbele yangu, bila aibu. Harufu ilikuwa ya mvua. Mimi nilitazama viatu. Kwenye matope kulikuwa kumeganda maranda ya mbao, yale yanayojikunja yakitoka kwenye randa ya seremala. Nikajiuliza ni shule gani hii inayomwaga maranda njiani. Mama anatafuta manukato, mimi natafuta maranda, na Baba katikati yetu anakula na kusifu mboga.

Jumatatu, 31 Machi

Ghala la simu limevunjwa. Nasema limevunjwa kwa mazoea tu, hakuna kilichovunjika isipokuwa watu.

Mjomba, mdogo wake Mama, ni mlinzi pale. Leo saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu, gari lilifika getini likiwa na walinzi sita, sare kamili: makoti ya bluu, vifungo vitano, kofia. Mvua ilikuwa inapiga. Mjomba akaona wenzake wanalowa, akafungua. Walimfunga kamba. Mwenzake, yule mzee tunayemwita Mzee wa Redio kwa sababu hata chooni anaingia nayo, alijaribu kupiga king'ora, wakampiga chuma cha kichwa. Yuko hospitali, hajitambui.

Mjomba alikuja kwetu mchana amevimba mdomo. Mama alimkanda uso kwa kitambaa cha moto akimtukana, na hiyo ndiyo namna yake ya kulia.

"Wewe unafungulia kila mtu mwenye koti?"

"Dada, lilikuwa koti letu. Koti kabisa! Nimelivaa miaka sita, silijui?"

Baba hakugeuka kutoka kwenye cherehani. Alisema, "Pole sana, shemeji," akaendelea kukanyaga. Baadaye nilipochukua ile kaptula aliyokuwa anashona nikakuta mshono umepita mara nne mahali pale pale.

Jumanne, 1 Aprili

Wamemkamata Mjomba. Nilidhani ni utani wa tarehe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama amekwenda kituoni na chakula. Wamekipokea, yeye hawakumpokea. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mpelelezi amekuja. Ni mwanamke mfupi mwenye mwavuli wa maua, ungemwona sokoni ungedhani anatafuta nyanya. Alikung'uta mwavuli wake nje kwa adabu, akasalimia, akaketi kwenye kiti cha wateja na kutoa koti la bluu kwenye mfuko wa nailoni. Lilikutwa mtaroni, mita mia tatu kutoka ghalani. Wezi walilitupa wakikimbia.

"Mzee, napita kwa mafundi wote. Nataka kujua hili ni kazi ya nani."

Baba alilichukua, akalipindua mara moja, akalirudisha. "Hii ni ya kiwandani, afande. Fundi wa mtaani hana mashine ya hivi."

"Sawa. Na hili?" Akalitandaza mezani, akaiweka mikono pamoja. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili.

Hapo lazima nieleze. Mjomba alivunjika mkono wa kushoto akiwa mtoto, ukaungwa vibaya, ukabaki mfupi. Alipopewa koti jipya la kazi mwaka jana lilimfunika kiganja, na mimi ndiye niliyempunguzia. Vidole viwili. Ilikuwa Jumatano, nakumbuka, kwa sababu Baba hakuwepo na Mjomba alikaa kwenye kiti chake akijifanya yeye ndiye fundi mkuu.

"Walinzi wa kampuni ile ni mia na kumi," mpelelezi akasema, "na mwenye mkono mfupi ni mmoja. Lake analo, tumelishika. Kwa hiyo hili limeigwa kutoka kwenye lake, na aliyelitoa liigwe ni yeye. Yeye anadai halijawahi kutoka mwilini mwake ila siku alipolileta hapa bitana ya ndani imechanika, mwezi uliopita. Anasema lilikaa siku tatu. Anasema, namnukuu, muulizeni shemeji, atakumbuka."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha huruma. "Masikini. Amechanganyikiwa. Alikaa hapo hapo ulipoketi, nikampigia kiraka, robo saa akaondoka nalo. Si ndiyo, Shoto?"

Macho ya wote wawili yakanigeukia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Koti lilikuwa limetandazwa mbele yangu, na matundu yake matano ya vifungo yalikuwa yamezungushwa kinyume. Ni yangu. Mtu anajua mwandiko wake.

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Lilinitoka kama salamu, kwa adabu, kwa sababu baba yangu ameniuliza mbele ya mgeni. Mpelelezi akaandika. Akatushukuru, akafungua mwavuli wake wa maua, akaenda kwa fundi mwingine.

Baba akaniambia, "Pitisha chaki." Nikampa.

Jumanne, 8 Aprili

Usingizi sikuupata. Nilikuwa nabishana na kichwa changu mwenyewe. Robo saa au siku tatu? Nilikumbuka koti likiwa limening'inia kwenye msumari, nilikumbuka vipande, lakini makoti yanapita mengi dukani. Asubuhi nikakumbuka kwamba niliandika. Siku ile niliandika! Nikafungua daftari.

Ukurasa haupo.

Kutoka tarehe 11 unaruka kwenda 15. Katikati kumebaki kipande chembamba kama kidole, na ukingo wake ni meno, meno, meno. Umekatwa kwa mkasi wa meno, ule tunaokatia kitambaa ili ukingo usifumuke. Unaning'inia kwenye msumari wa Baba na haugusi mtu mwingine. Mkasi wa kawaida ulikuwa pale pale pembeni. Lakini Baba katika maisha yake hajawahi kukata kitu akakiacha kifumuke, na nadhani hata mkono wake haukumuuliza.

Nilikaa kitandani mpaka miguu ikapata baridi. Halafu nikaenda dukani, nikachukua chaki ya bluu, nikaisugua kwa ubapa juu ya ukurasa wa tarehe 15, ule niliouandika mstari mmoja tu na kuuacha wazi. Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa mtoto kucheza. Maneno yakatokea meupe katikati ya bluu, mwandiko wangu mzito:

*Ijumaa, 14 Machi. Koti la Mjomba limeletwa, bitana imechanika, yeye ana homa na mapumziko mpaka Jumatatu. Baba kalifumua lote. Mikono kule, mgongo huku, kola peke yake, kama mtu anayechambua samaki. Kwa bitana tu? Nimemuuliza akasema nisimfundishe kazi.*

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi. Aliyekata ukurasa amelisoma daftari lote. Ukurasa wa tarehe 20, wa matundu thelathini ya kitambaa cha bluu, upo mahali pake, mzima, hata hauna mkunjo. Baba ndiye aliyenipa vile vipande vya mbele, akaniambia ni vya bendi ya shule, lakini siku ile nilichoka na sikuandika ni nani aliyenipa. Kwa hiyo wa koti ameukata na wa vifungo ameuacha. Ule unamfunga yeye, huu unanifunga mimi.

Labda hakuuona. Macho yake mabovu. Nimejiambia hivyo mara kumi.

Kuanzia leo daftari nalifunga kiunoni kwa mkanda wa pindo.

Alhamisi, 10 Aprili

Tangu juzi Baba anafuta viatu mlangoni kabla ya kuingia. Anavifuta mpaka nyayo. Mama amefurahi, anasema hatimaye mume wake amejifunza ustaarabu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mzee wa Redio amefariki.

Mama alirudi kutoka mahabusu amekuwa mdogo ghafla. Wamemwambia Mjomba kesi sasa si ya wizi, ni ya mauaji. Eti Mjomba hakulia. Aliuliza tu kama shemeji ameshakwenda kuwaeleza habari ya koti. "Mwambie asichoke," kasema. "Najua ana kazi nyingi."

Mama alimweleza Baba hayo maneno akiwa anamwekea chakula. Baba akasema kikulacho ki nguoni mwako, kuna mtu wa karibu amemponza. Alisema hivyo! Kisha akavaa koti lake la mvua. Ni Jumamosi, wanafunzi wanangoja kupimwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimfuata.

Nilimwambia Mama naenda kununua uzi. Ng'ambo ya daraja kuna barabara mbili, ya kushoto inakwenda shuleni. Baba akashika ya kulia, na mimi nyuma yake na mwavuli umenifunika mpaka mabega. Anatembea upesi huko. Nyumbani hulalamika magoti. Aliingia kwenye karakana ya seremala, ile kubwa inayotengeneza milango, akapita katikati ya maranda na kupotelea nyuma.

Nilisimama chini ya kibaraza cha duka la rangi saa nzima. Alipotoka kwenda mkahawani, nikaingia.

"Nimetumwa na fundi nichukue mkasi," nikamwambia seremala.

"Wewe nani?"

"Binti yake."

Seremala akaacha randa. "He! Kumbe ana binti? Alituambia yule hana mke wala mtoto. Tunamwonea huruma hapa, mzee wa watu mpweke, mpaka mke wangu anampakulia chakula. Haya, pita, mlango wa mwisho."

Chumba kilikuwa kikavu. Hilo ndilo la kwanza nililoliona: hakuna ndoo. Kuna taa mbili nzuri, kioo kirefu, na cherehani ya umeme ambayo sisi dukani tumekuwa tukiitamani kwenye picha. Na nguo zimepangwa kwenye fimbo ukuta mzima. Magauni ya wauguzi. Sare za wasoma mita. Joho la wakili. Makoti ya wahudumu wa hoteli yenye nembo. Nililigeuza joho ndani nje, na Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilisahau nilichofuata. Sijawahi kuona bitana imelala namna ile. Nguo za wateja wetu hatuzishoni hivyo. Alikuwa anajua kushona hivi na sisi anatupa kaptula.

Kwenye kamba zilibanwa karatasi za kukatia, zenye umbo la kila kipande cha nguo, kila koti na karatasi zake, mwandiko wa Baba. Nikatafuta. *Mlinzi, mgongo. Mlinzi, mkono kulia. Mlinzi, mkono kushoto.* Nikaweka karatasi ya mkono mmoja juu ya nyingine. Vidole viwili.

Kumbe hakujua. Alifumua, akalaza kila kipande peke yake juu ya karatasi, akazungusha penseli bila miwani, wala hakuilinganisha mikono. Hakujua kwamba niliupunguza, maana siku niliyoupunguza ilikuwa Jumatano na yeye alikuwa humu humu ndani.

Nilitoka bila kuchukua hata karatasi moja. Nilimuaga seremala nikasema mkasi sijauona. Mjinga mimi! Nilikuwa na mfuko, nilikuwa na muda, na nilitoka mikono mitupu kama mgeni aliyeshiba.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemwambia Mama. Tulikuwa wawili, Baba amekwenda kulipia umeme. Nilianza kwa kusema, "Mama, si mwanamke."

Akanyanyua uso. Nikamweleza yote, chumba, nguo, karatasi, ukurasa uliokatwa, na lile Ndiyo langu. Pasi ilikuwa juu ya suruali ya mwalimu mkuu, ikaunguza tundu la ukubwa wa kisahani, na hakuna aliyeiondoa.

"Bora angekuwa mwanamke," Mama akasema. "Ningemfuata, ningemvuta nywele, watu wakacheka, yakaisha."

"Mjomba atafungwa maisha, Mama."

"Unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyembeba mgongoni." Akakaa chini sakafuni, mtu mzima, na kanga yake ikalowa maji ya ndoo. "Usiende popote. Nipe siku mbili. Nyamaza siku mbili tu."

Nimenyamaza. Lakini nimemtazama Mama jioni yote akimpakulia Baba, na kwa mara ya kwanza sikujua anawaza nini.

Jumamosi, 19 Aprili

Chumba kimehamwa. Nilikwenda asubuhi na mfuko wangu mkubwa kama mwerevu. Mlango uko wazi, ndani wamepanga mbao. Seremala alinitazama kama hajawahi kuniona duniani.

"Fundi gani, dada? Hapa tunatengeneza milango."

Maranda yalikuwa mapya, yamemwagwa juu ya sakafu nzima.

Nilirudi nikamkuta Mama anapepeta mchele. Sikumsalimu. "Ulimwambia."

Hakukataa. "Miaka thelathini na moja nimelala naye, Shoto. Ningekwenda polisi kabla sijamuuliza? Nilimuuliza usoni. Nilitaka anikatalie."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza nani mwingine anajua."

Jumatatu, 21 Aprili

Leo ndiyo leo. Baba amegeuza kibao cha duka kiseme Tumefunga, akaniita mezani. Mama alisimama kwenye pazia, mguu mmoja dukani, mmoja nyumbani.

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Alivaa miwani, mbele yangu, ili anione vizuri.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Mjomba atoke."

"Atatoka. Hawana ushahidi, watachoka. Mimi sikumpiga yule mzee. Mimi nilishona nguo. Mwenye kiwanda cha visu anafungwa mtu akichomwa kisu?"

"Ulimwachia Mjomba msalaba wako. Anakungoja, Baba. Anasema una kazi nyingi."

Hapo aliangalia pembeni. Halafu akaanza kusema mambo ambayo sikumuuliza. "Miaka thelathini nashona kaptula za watoto wanaozichana kabla ya Ijumaa. Kuna mteja mmoja tu aliyewahi kugeuza nguo yangu akatazama ndani? Mmoja? Wale waligeuza. Walikuja na joho la wakili wa kweli na langu, wakayaweka pamoja, wakashindwa kuyatofautisha. Nikasikia kitu hapa." Akajigusa kifua. "Sikuwauliza wanakwenda nayo wapi."

"Na ile sare ya mlinzi hukujua inakwenda wapi? Koti la shemeji yako?"

Akaokota uzi mezani, akauviringa kidoleni.

"Na ukurasa wangu. Umeukata wa koti, umeuacha wa vifungo. Kwa nini, Baba?"

"Sikuuona."

"Ukurasa wa maranda uliuona. Ulianza kufuta viatu kesho yake."

Akaivua miwani, akaifuta kwa kipande cha bitana, muda mrefu. Aliponijibu sauti ilikuwa ile ya kunifundisha kazi. "Shoto, fikiri. Chumba hakipo. Seremala hanijui. Kilichopo ni koti moja, na kwenye koti hilo mkono unaojulikana ni wa nani? Ukinitaja mimi, unajitaja wewe. Na umeshamwambia afande Ndiyo. Nakulinda."

Nilimtazama mtu huyu aliyenishika kiganja akanifundisha kuvuta uzi, na nikaogopa kwamba kweli anaamini ananilinda. Nikaogopa zaidi kwamba haamini.

Mama akatoka kwenye pazia. Akalichukua koti lake la mvua kwenye msumari, akalivaa, akaanza kufunga vifungo kimoja kimoja, wakati ofisi zote zilikuwa zimeshafungwa.

"Kesho," akasema. "Asubuhi. Nitakwenda naye."

Baba akasema, "Mama Shoto."

"Usiniite."

Alikaa na lile koti mwilini mpaka wakati wa kulala.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika haya kwenye benchi la kituo cha polisi. Mama ameketi karibu yangu, amekumbatia mfuko wa nguo za Mjomba. Mvua imekatika tangu alfajiri na jua linaumiza macho.

Tulipotoka Baba alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, bila uzi. Nilipita mbele yake na daftari kiunoni. Nilidhani atasimama mlangoni. Alisema tu, akiangalia mikono yake, "Ukifika, waambie waligeuze lile koti. Upande wa nje hawataelewa kitu. Wakiangalia ndani wataona hakuna kiwanda kinachoshona vile."

Sijui ilikuwa toba au majivuno. Njia nzima nimejiuliza. Mama anasema nisijisumbue, yeye ameacha kuuliza.

Mpelelezi alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Nilimwambia Ndiyo yangu ilikuwa uongo. Nilimpa daftari, akausoma ukurasa wa bluu, akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye yale meno. Akausoma na ule wa tarehe 20.

"Unajua huu unakuweka pabaya?"

"Najua, afande."

"Mtu yeyote anaweza kusugua chaki na kusema matundu ni yake."

"Nipe sindano," nikamwambia.

Walitafuta kituo kizima, wakapata sindano kwa mama wa mapokezi na uzi mweusi. Nilikata mwanya kwenye leso yangu, nikaanza, mkono wa kushoto, kinyume. Askari wawili walikuja kusimama nyuma yangu. Kufika mshono wa tatu nilikuwa nimewasahau. Nilipofunga fundo, mpelelezi akaitandaza leso juu ya koti, tundu kando ya tundu. Akaligeuza koti ndani nje. Akageuza na leso. Akatazama muda mrefu, na nikaona ameelewa, kwa sababu aliacha kulishika kama kizibiti na akaanza kulishika kama nguo.

"Mjomba wako ataletwa mbele ya hakimu Alhamisi," akasema. "Nitakuwepo na hii. Wewe leo hutarudi nyumbani, nadhani unaelewa." Nikasema naelewa. Mama akanishika goti.

Ameniruhusu nimalize ukurasa huu, kisha daftari ni lao. Lakini kabla hajatoka kwenda kutuma gari dukani, aliichukua tena ile leso, akaliangalia tundu karibu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mteja:

"Kazi safi sana hii. Nani alikufundisha?"

Nikamwambia, "Baba yangu."